Nyumba Inayoendelea

Neno lililoleta balaa lilikuwa moja tu, na lilitamkwa na mtu mwenye nia njema kabisa, mbele ya watu waliokalia viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Neno lenyewe ni "endelevu". Dalmas, msanifu majengo kutoka Kisumu mjini, alisimama mbele ya nyumba aliyomjengea mama yake na kutangaza kwamba hii ndiyo nyumba endelevu ya kwanza katika ufuo wote wa Kadibo. Wageni wakapiga makofi. Mama yake, Dorca, naye akapiga makofi kwa sababu ni mama, lakini moyoni alikuwa anajiuliza hiyo nyumba inaendelea kwenda wapi.

Usimcheke. Huko kwao nyumba inayoendelea ni nyumba ambayo haijaisha. Ukimuuliza mtu nyumba yake imefika wapi, akakujibu "inaendelea", elewa kwamba kuta zimekwama usawa wa madirisha, nyasi zimeota sebuleni, na mwenyewe anangoja mtoto aliye Nairobi akumbuke nyumbani. Kwa hiyo Dalmas aliposema endelevu, nusu ya waliokuwepo walisikia kijana msomi akikiri hadharani kwamba kazi imemshinda katikati. Walimwonea huruma. Wazee wawili watatu walimsifu kwa kuwa mkweli.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, na atakayebisha abishe. Udongo ulichimbwa palepale shambani, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono hadi ukawa matofali, matofali yakakaushwa kivulini bila kuchomwa, hata mti mmoja haukukatwa kwa ajili ya tanuri. Msingi ulikuwa wa mawe hadi usawa wa goti. Paa lilitokeza nje sana ili mvua isizipige kuta, na madirisha yalitazamana, upepo wa ziwa ukawa unaingia hapa na kutokea pale. Lile jua la Februari, linalowafanya hata mbuzi wagombanie kivuli cha choo, halikuingia ndani. Dorca mwenyewe alikiri kwamba tangu aolewe hajawahi kulala usingizi mtamu namna ile.

Alichoshindwa kukizoea ni rangi. Kuta zilikuwa za rangi ya kichuguu. Alizaliwa ndani ya kuta kama hizo, akaolewa ndani ya kuta kama hizo, akamtoa marehemu mumewe kwenda kuzikwa kutoka ndani ya kuta kama hizo. Maisha yake yote alikuwa na ombi moja, nalo lilikuwa nyumba ya "pamanenti". Neno hilo kila mtu wa ufuoni analijua, hata asiyejua Kiingereza kingine cha kuombea maji. Pamanenti ni mawe, na mawe yakikosekana basi angalau plasta ya saruji na rangi juu yake, ili mwanamke asipige magoti tena na ndoo ya matope na mavi ya ng'ombe.

Na hapo ndipo Dalmas alipoteleza. Katika michoro yake, kila mwaka kabla ya mvua kuta zilipaswa kukandikwa upya kwa udongo laini, mavi ya ng'ombe na majivu. Aliwaeleza wageni jambo hilo kwa furaha, akaliita maarifa ya mama zetu. Maarifa yalitajwa na magoti hayakutajwa. Dorca alikuwa amekandika kuta tangu akiwa bibi harusi, na magoti yake sasa yalilia kila alipoinuka kwenye kiti, lakini mtu hamkatizi mwanawe mbele ya wageni.

Ingekuwa nyumba ya Dorca peke yake, haya yote yangebaki manung'uniko ya nyumbani. Lakini ziwa lilikuwa limepanda na kukataa kurudi. Lilimeza kijiji cha chini chote, mashamba, vyoo, makaburi, na boma la Rosa, rafiki yake Dorca. Familia za huko zilikuwa zikiishi kwenye mahema katika uwanja wa shule. Shirika lililomwajiri Dalmas liliwaahidi jambo moja, na kila mtu alilijua kwa moyo: nyumba ya Dorca ikisimama salama mvua za masika zote, kila familia ya mahemani itajengewa ya kwake kama hiyo. Isiposimama, pesa zitapelekwa kwingine. Hata mtoto wa chekechea angekueleza.

Rosa alilijua kuliko wote. Yeye na Dorca waliolewa mwaka mmoja na kuchota maji njia moja. Sasa alilala kwenye hema na wajukuu wake, hema ambalo mchana lilichemka na usiku likadondosha umande juu ya blanketi, na kifua chake kilikuwa hakimpi nafasi ya kumaliza sentensi. Nyumba ya kwanza kujengwa ingekuwa yake. Alikwisha kuchagua hata upande wa mlango.

Baada ya uzinduzi Dalmas alikwenda Port Victoria kusimamia ujenzi wa soko la samaki, na huku nyuma zamu ya Dorca katika chama cha akina mama wa kanisa ikafika. Kwa kawaida mwenye zamu huletewa godoro au seti ya sufuria. Akina mama walikuja na nyimbo zao, wakanywa chai, wakazikagua kuta zile kwa macho ya huruma. Kisha Rosa, akimwita Min Dalmas, yaani mama yake Dalmas, akasema lile ambalo wote walikuwa nalo mdomoni.

"Min Dalmas, mtoto alisema yeye mwenyewe nyumba bado inaendelea. Na wale watu wa projekti watarudi kuangalia. Si tumsaidie amalize? Wakipata iko na plasta, hata wao watajua hii ni nyumba."

Dorca angeweza kumpigia mwanawe simu. Simu ilikuwa na chaji, ilikuwa palepale kwenye meza karibu na birika. Hakupiga, kwa sababu alitaka iwe zawadi ya kumshtua. Pia kuna sauti ndogo ilimnong'oneza kwamba akiuliza ataambiwa hapana, na yeye alikuwa amechoka kuambiwa hapana na kuta. Aliwaambia akina mama kwamba amekubali, na machozi yakamtoka palepale, akawaacha wadhani ni ya shukrani tu.

Saruji ililetwa kwa mkokoteni. Fundi alikuwa Waswa, mtu wa Manyatta ambaye plasta yake inasifiwa kuanzia Kondele hadi Ahero. Waswa aligongagonga ukuta, akasema simiti haishikani na matope hivihivi, akaifunga nyumba nzima kwa waya wa kuku kwanza, kisha akaipiga plasta hadi ikawa laini kama sahani. Juu wakapaka rangi ya maziwa, chini maruni, wekundu uliokolea, kama zilivyo nyumba za walimu wakuu na za watu waliowahi kufanya kazi Mombasa.

Jumapili hiyo Dorca hakwenda kanisani mapema. Aliizunguka nyumba yake polepole, akiipapasa kwa kiganja. Alijiona tajiri. Hakuwa amewahi kujiona tajiri, hata siku Dalmas alipohitimu chuo kikuu, kwa maana siku hiyo utajiri ulikuwa wa Dalmas. Huu ulikuwa wake, na alimwambia Mungu hivyo, kwa sauti, bila haya.

Dalmas alikuja wiki chache baadaye, mawingu ya masika yakiwa yameanza kujaa juu ya ziwa. Alisimama langoni. Dorca alikuwa ameshatoka mlangoni akitabasamu, mikono ameikunja mbele kama anayengoja kupongezwa.

"Mama, nani alifanya hii?"

"Ni sisi chama. Tulikumalizia."

Alitembea hadi ukutani akauwekea mkono, na uso wake ukabadilika. Kisha akaanza kueleza, kwa upole, kama anavyoeleza siku zote. Alisema ukuta wa udongo hunywa maji kutoka ardhini na kutoka hewani, na mchana huyatoa jasho, ndiyo maana ndani kuna baridi. Saruji imeuziba mdomo. Maji yatakayopenya kwenye ufa wowote hayatapata pa kutokea, na udongo utalainika ndani kwa ndani huku nje rangi inacheka. Dorca alisikiliza yote, lakini alichosikia ni kimoja, kwamba siku aliyojiona tajiri alikuwa anaharibu.

Basi akakasirika, na hasira ya mtu mpole haina breki.

"Wewe unalala kwa nyumba ya mawe hapo Milimani," alisema. "Nyumba ya matope ndio unaletea mimi, ndio wageni wapige picha."

Ilikuwa kweli. Dalmas alikuwa amepanga nyumba ya mawe, tena yenye vigae, na feni inayozunguka mchana kutwa. Alikwenda kumwita Waswa, akamwomba abandue kipande kidogo nyuma ya nyumba. Kipande kilitoka na uso wa matofali, umeng'ang'ania kwenye waya. Kuibandua plasta yote ilikuwa sawa na kuzichuna kuta ngozi, na mvua ilikuwa imeshafika ng'ambo ya ziwa.

Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa kumpigia simu Agneta, afisa wa shirika, na kumweleza kwamba jaribio limeharibika, waanze upya mwaka ujao. Dalmas alikuja kumwambia mama yake baadaye kwamba aliishika ile simu mkononi muda mrefu. Angelazimika kusema ni nani aliyeharibu. Uwanja mzima wa mahema ungejua kabla ya jua kuzama. Akairudisha simu mfukoni, akachukua jembe, akachimba mtaro kuizunguka nyumba nzima hadi viganja vikatoka malengelenge, kisha akarudi Port Victoria akiomba iwe masika haba.

Haikuwa haba. Mvua ilinyesha kama iliyolipwa. Mtaro ulifurika, na maji ya ardhini yakapanda polepole, na nyumba ikaanza kunuka kama kisima kilichofunikwa. Ule ubaridi mtamu ulikwisha, ukaja unyevunyevu wa kushikana na ngozi. Siku moja Dorca aliona rangi imevimba chini ya dirisha la chumba cha kulala. Aliibonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikazama.

Hapo ndipo alipojua kwamba mwanawe alisema kweli. Alikaa kitandani akakitazama kile kidole chenye tope. Angepiga kelele, labda watu wangekuja na miti ya kuegemeza ukuta. Labda wangeutoboa, wakaupa nafasi ya kupumua. Lakini aliona aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta pazia kabla ya kutafuta dawa. Alilisogeza kabati mbele ya ule uvimbe. Dalmas alipopiga simu kuuliza, akamwambia nyumba iko sawa.

Ukuta ulianguka mchana, Dorca akiwa mahemani amempelekea Rosa uji. Walisikia kishindo kizito, si kikubwa, kama gunia lililotupwa kutoka kwenye lori. Watu walikimbia, na Dorca akaja nyuma yao akiburuta miguu, kwa maana alijua anachokwenda kuona. Udongo wa ukuta wa nyuma ulikuwa umemiminika ndani, umelivunja kabati na kukifunika kitanda chote. Lakini ile plasta ya nje, iliyoshikwa na waya wa Waswa, ilikuwa ingali imesimama. Ilining'inia hapo yenyewe, na rangi yake ya maziwa juu na maruni chini.

Watu walitazama wasimalize. Kitu kilikuwa wazi mno kuhitaji maelezo. Udongo ulikuwa umelala kitandani, saruji ilikuwa imesimama. Waswa alifika, akavua kofia yake, akasema polepole kwamba bila hiyo simiti yake nyumba nzima ingekuwa imeshaenda na mvua ya kwanza.

Agneta aliitisha mkutano katika darasa moja la shule, kwa sababu uwanjani kulikuwa na maji. Alikuwa mwanamke mtaratibu aliyezisikia habari mbaya nyingi kazini. Familia za mahemani zilijibana kwenye madawati ya watoto. Dalmas aliombwa aeleze kilichotokea, naye akasema ukuta uliingiwa na maji, na kwamba yeye ndiye aliyeuchora, kwa hiyo jukumu ni lake. Aliketi. Hakusema hata neno moja la uongo, na hakumtazama mama yake.

Dorca alikuwa amekaa karibu na Rosa. Aliona mwanawe ameinamisha shingo mbele ya watu waliomwona akikua, na moyo ukamchanika. Akafikiria zile nyumba, jinsi upepo ungeingia hapa na kutokea pale, na Rosa amelala bila kukohoa. Akasimama. Magoti yalimlilia lakini akasimama.

"Hii nyumba ya kijana yangu haikuwa mbaya," alisema. "Mimi ndio niliangusha. Ile simiti ilifungia maji ndani. Aliniambia, nikakataa. Ukuta ikaanza kuoza nikaona na macho yangu, nikaficha na kabati. Nyumba zenu zikipotea, msiulize Dalmas. Niulizeni mimi."

Dorca alingoja kelele. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa kweli alikuwa anayataka, maana matusi yangekuwa na maana kwamba wameelewa. Badala yake mama mmoja wa nyuma akaanza kupenga kamasi, na mwingine akajifuta macho kwa leso, na mzee mmoja akasema kwa sauti ya kicho kwamba huyu ndiye mama, wengine wamezaa tu. Wakampigia makofi, ya taratibu, ya heshima, kama yanayopigwa msibani mtu akisema vizuri juu ya marehemu.

Hawakumwamini. Wangemwaminije, na plasta walikuwa wameiona imesimama? Waswa alipoulizwa alisema tangu aanze ufundi ameona matope yakiangusha simiti, hajaona simiti ikiangusha matope. Ndipo Dalmas akainuka akasema mama yake amesema kweli tupu, na hapo mambo yakaharibika kabisa. Wanaume waliinamisha macho. Waliona haya kwa niaba yake, mtu mzima, msomi, anayejificha nyuma ya leso ya mama yake.

Mkutano ulipokwisha Agneta aliwavuta wawili hao pembeni, kwenye veranda. Alimwambia Dorca kwamba yeye anamwamini, kila neno. Dorca akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akadhani mlango umefunguka.

"Lakini Mama, nikijenga zote, mwaka moja zote zitakuwa na plasta," Agneta alisema. "Na siwezi kuwalaumu. Hata mimi kwetu ningepiga."

Pesa zilipelekwa kaunti nyingine. Wa mahemani waliachiwa mabati na nguzo, kila familia ijisimamishie chumba chake. Dalmas alimwambia mama yake kwamba kuna jengo la maduka linajengwa mjini, la vioo mbele kutoka chini hadi juu, na wenyewe wamemtaka yeye alichore. Vioo hivyo vitatazama jua la mchana, akasema, kwa hiyo watahitaji mitambo mingi ya kupoza hewa. Alisema hayo bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja bei ya sukari, na Dorca alilia baada ya gari lake kuondoka.

Siku ya kusimamisha chumba cha Rosa, Dorca alikwenda kusaidia. Kazi ilikuwa ndogo. Waswa alipigilia misumari, wanawake wakashikilia mabati yasipeperushwe na upepo. Jua lilikuwa limerudi na mabati yalikuwa yameshapata moto. Rosa alikohoa, akapumzika, akakohoa tena, kisha akamsogelea rafiki yake na kumshika bega.

"Usikufe moyo, Min Dalmas. Hata mimi ningekuwa na kijana kama huyo, ningesimama niseme ni mimi."

"Rosa, haikuwa uongo."

"Najua," Rosa alisema, kwa ile sauti anayotumia mtu kumbembeleza mgonjwa. "Najua, nyar mama, dada yangu. Lakini acha nikuambie kitu. Mimi nashukuru Mungu ile nyumba ilianguka mapema. Fikiria kama tungekuwa tumeshaingia kwa hizo zingine, mimi na hawa watoto."

Dorca aliutazama uso wa Rosa, ulivyochoka na ulivyojaa wema, na wajukuu waliokuwa wakigombania kona ipi ya chumba iwe yao. Yote aliyokuwa nayo alikuwa ameshayasema darasani. Waswa aliwaambia washike bati vizuri, la sivyo litapinda, na Dorca akashika.